Kubandika vinia kwenye maboksi ya spika nyumbani: maswali yanayoulizwa kila mara

Haya ni maswali ambayo watu wanaojitengenezea spika huwa wanayarudia sana, mengi ni ya watu wa Dar, Tanga na Mombasa kwa hiyo habari ya unyevu utaikuta kila mahali humu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya hali ngumu, kama jibu liko kwenye swali jingine nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Vinia ni nini hasa, ni mbao au ni plastiki?

Ni mbao halisi, imekatwa nyembamba sana, ya kupambia huwa karibu nusu milimita hivi mpaka 0.6. Ile karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao ni kitu kingine kabisa, ile ni vinyl, na spika nyingi za dukani za bei rahisi ndo zimevalishwa hiyo. Ukitaka kujua tofauti angalia ukingo, mbao halisi nyuzi zake zinakuwa na vitundu vidogo vidogo na ukipitisha ukucha kukatiza nyuzi unasikia mikwaruzo, plastiki inateleza tu.

Alafu usichanganye na zile vinia zinazotoka viwanda vya Mafinga, zile za msonobari na mlingoti. Zile ni nene, zinamenywa kwenye gogo kwa ajili ya kujengea plaiwudi, sio za kupambia. Ukiambiwa vinia halafu ukaletewa kitu kigumu cha milimita mbili ujue ndo hiyo.

Inabadilisha sauti?

Hapana. Boksi la MDF (bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa na gundi) ya milimita 18 ukiliongezea ngozi ya nusu milimita hamna sikio litakalotambua. Kinachobadilisha sauti ni boksi linalovuja hewa kwenye jointi, kwa hiyo kabla ya kufikiria urembo hakikisha jointi zote zimeziba. Vinia unabandika kwa sababu boksi linakaa sebuleni miaka kumi na unaliangalia kila siku, na hiyo ni sababu ya kutosha kabisa.

Kwa nini nisinunue tu MDF iliyobandikwa vinia tayari kiwandani?

Unaweza, na kwa kabati inafaa sana. Shida ya spika ni kona. Bodi ikishakatwa ukingo wake unaonyesha MDF tupu, kwa hiyo inabidi ukate kila ubao kwa nyuzi 45 zikutane sawasawa, na hapo unahitaji meza ya msumeno iliyonyooka kweli, ikikosea kidogo tu pengo linaonekana na kulirekebisha huwezi maana ngozi ya kiwandani ni nyembamba, ukipiga msasa mara mbili imeisha. Wengine wanaweka ejingi, ule utepe wa kufunika ukingo, kwenye kona lakini inaonekana kama droo ya jikoni. Ukijenga boksi kwanza ndo ukabandika, unafunika jointi zote na mchoro wa mbao unaweza kuuzungusha boksi zima.

Nichague mbao gani?

Ya macho yako. Mninga una wekundu wa kahawia na michirizi, mvule unakuja na udhahabu, mtiki vilevile ila una mafuta yake ya asili ambayo gundi haiyapendi, kwa hiyo mtiki ufute kwanza upande wa gundi kwa kitambaa chenye thina kidogo, uache ikauke, ubandike siku hiyohiyo. Mafundi wa Keko pale Dar ukiwauliza vizuri huwa wanajua duka gani lina vinia kwa wakati huo, Nairobi watu huanzia maduka ya bodi ya Industrial Area.

Kama ndo boksi lako la kwanza nakushauri chukua ile iliyobandikwa karatasi nyuma. Haijikunji, haipasuki ovyo, unaikata kwa kisu na rula. Vinia tupu isiyo na karatasi ni nzuri zaidi ukishazoea, lakini inakuja imejikunjakunja na inataka uvumilivu.

Ninunue kiasi gani?

Tuchukue boksi la sentimita 40 kwenda juu, upana 22, kina 28. Mbavu mbili zinakula sentimita za mraba 2240, juu na chini 1232, mbele na nyuma 1760, jumla 5232, yaani kama nusu mita ya mraba na ushee. Spika ziko mbili kwa hiyo ni mita moja na kidogo. Ongeza robo mpaka theluthi ya kukatia na ya kufanyia majaribio, ukinunua mita moja na nusu uko salama. Nunua yote kwa mara moja na kutoka kwenye fungu moja, ukirudi mwezi ujao rangi haitafanana hata kama ni mti uleule.

## Kuandaa boksi

Boksi linatakiwa liweje kabla ya kubandika?

Hapa ndo pa kutumia muda wako, kuliko sehemu nyingine yoyote. Vinia haifichi kitu. Kichwa cha skrubu kilichozama kidogo, tone la gundi lililokauka, ubao mmoja uliopanda kuliko mwenzake hata kwa unene wa karatasi, vyote hivyo utaviona siku ukipiga vanishi na taa ikipiga pembeni. Ziba mashimo yote. Ile puti ya magari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ni nzuri kuliko fila ya mbao ya maji, maana inakauka haraka na baadaye hainywei.

Ikikauka piga msasa namba 80 halafu 120 ukiwa umeufunga kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, usipige kwa mkono mtupu maana vidole vinachimba mabonde. Alafu zima taa ya juu, washa tochi ya simu uilaze kabisa kwenye uso wa boksi, kila kilima na kila shimo litatoa kivuli. Rudia mpaka vivuli viishe.

Kingo za MDF zile zilizokatwa zinakunywa gundi kama nini, zipake gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kidogo, ikikauka zipige msasa mwepesi.

Nimemaliza kujenga jana, naweza kubandika leo?

Subiri. Gundi ya jointi imeingiza maji kwenye MDF na sehemu hiyo imevimba kidogo bila wewe kuona. Ukisawazisha leo na kubandika leo, wiki kadhaa zijazo maji yakishatoka jointi inanywea na unapata mstari unaoonekana juu ya vinia boksi zima, na mstari huo hauna dawa. Wiki mbili ni kiwango cha chini kwa mtu wa pwani, mwezi ni bora. Sio kwamba ukae bure, hiyo ndo nafasi ya kufunga krosova (sakiti inayogawa sauti nzito na nyembamba) na kusikiliza sauti, ukigundua tobo la hewa, lile bomba la kutolea besi, ni fupi unarekebisha boksi likiwa bado tupu.

Na vinia yenyewe ilaze ndani ya chumba hichohicho siku kadhaa katikati ya bodi mbili, izoee hewa ya hapo. Mbao inatanuka na kunywea kukatiza nyuzi kadiri ya unyevu, ukiibandika ikiwa imelowa hewa ya masika halafu kiangazi kikaja, itatafuta pa kupasukia.

Wufa na twita niziache humo?

Toa kila kitu, wufa (spika kubwa ya besi) na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba). Vumbi la MDF ni laini kama unga na likiingia kwenye ule mwanya wa koili ya wufa halitoki, utasikia mkwaruzo kila besi ikipiga. Na wewe vaa barakoa, vumbi hilo halifai kwa mapafu, fanyia kazi nje ikiwezekana.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, ile ngazi iliyochimbwa ili fremu ya wufa ikae sawa na uso wa boksi, ukiongeza vinia uso unapanda kwa unene wa vinia na wufa inaonekana imezama. Ipime ukiwa na kipande cha vinia mkononi kabla ya kuchimba.

## Gundi na kubandika

Gundi gani, ile ya njano au nyeupe?

Zote zinafanya kazi, ila kila moja na mbao yake.

Ile ya njano inayotumika kwenye viatu na kubandikia fomaika, unapaka pande mbili, unasubiri, unagusanisha, imeshika. Inafaa kwa vinia yenye karatasi nyuma. Ubaya wake ukishagusisha hamna kurudisha. Na mvuke wake unashika moto, sio utani, usiifungulie karibu na jiko la mkaa, sigara, wala friji inayojiwashawasha. Fungua madirisha yote.

Gundi nyeupe ya mbao, ile PVA ya kawaida, ndo ninayoipenda kwa kazi ya nyumbani, unaibandika kwa pasi na ikikosea unaipiga pasi tena. Chukua ya kawaida tu, zile zilizoandikwa kuwa hazipitishi maji nyingine hazilainiki vizuri kwa joto.

Njia ya pasi inafanyikaje?

Paka gundi nyeupe kwa rola, tabaka jembamba lililo sawa kwenye boksi na jingine nyuma ya vinia. Kama vinia ni tupu, upande wa juu upulizie maji kidogo ili isijikunje kuelekea kwenye gundi. Kwenye MDF paka mara mbili maana ya kwanza inanywewa. Acha ikauke mpaka weupe uishe iwe kama kioo na ukigusa haing'ang'anii kidole, saa moja hivi, masika inaweza kwenda zaidi.

Kata vinia izidi boksi sentimita moja kila upande. Iweke, tandika karatasi la kaki juu yake, pasi iwe kwenye joto la pamba bila mvuke, anzia katikati uende pembeni taratibu, kila sehemu sekunde kadhaa. Utasikia gundi ikichemka kwa mbali na harufu yake ikipanda, hapo imelainika. Nyuma ya pasi mkono wako mwingine ufuate na kipande cha mbao laini ukikandamiza palepale mpaka papoe, kwa sababu gundi inashika inapopoa, pasi inailainisha tu. Watu wengi wanakandamiza kwa pasi wakiondoka wanashangaa inanyanyuka.

Joto linakausha vinia na kuifanya inywee, ndo maana usikate ziada mpaka umemaliza kupiga pasi na imepoa kabisa.

Na ile ya njano?

Paka pande zote, subiri mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole haivuti nyuzi, mara nyingi dakika 10 mpaka 20, kopo litakwambia. Sasa usiishushe moja kwa moja. Panga vijiti vyembamba juu ya boksi, laza vinia juu ya vijiti, irekebishe mpaka ikae unapotaka, halafu chomoa kijiti cha katikati, kandamiza, chomoa kinachofuata, hivyohivyo kuelekea pembeni ili hewa itoke. Ukimaliza sugua kwa nguvu na kipande cha mbao kilichozungushwa kingo, uzito wa mwili wako wote, gundi hii inataka mgandamizo sio muda.

Sina klampu, sina mashine, inawezekana kweli?

Ndiyo, njia zote mbili hapo juu hazitaki klampu. Ukitaka kubandika gundi nyeupe ikiwa mbichi bila pasi, laza boksi, weka vinia, karatasi la nailoni, kipande cha MDF kilichonyooka juu yake, halafu ndoo za maji za lita 20 mbili au tatu, lala uamke kesho. Upande mmoja kwa siku, unachukua siku nyingi lakini unatoka safi.

Nianze upande gani?

Anza chini na nyuma, fuatisha mbavu, halafu juu, malizia mbele. Sababu ni kwamba upande unaobandikwa mwisho ndo unafunika ukingo wa ule wa kwanza, kwa hiyo ukiliangalia boksi kutoka mbele huoni mstari wa jointi. Wengine mbele wanapaka nyeusi tu, na ni uamuzi mzuri kama kitambaa cha spika kitafunika.

## Kukata, kona na mashimo

Nyuzi ziende upande gani?

Mbele na mbavuni ziende wima. Juu zitoke kushoto kwenda kulia, hapo mchoro unakuwa unapanda ubavu wa kushoto, unapita juu na kushuka kulia. Ukikata ubavu, mbele na ubavu wa pili kutoka shiti moja kwa kufuatana, mchoro unazunguka kona bila kukatika na boksi linaonekana limechongwa kwenye gogo. Zipe namba kwa penseli nyuma kabla ya kukata maana vipande vikishatawanyika mezani kuvipanga tena ni kazi.

Kona za duara je, vinia inakunjika?

Inakunjika upande mmoja tu, ni kama mkeka wa matete, unaviringika vizuri matete yakiwa yamelala kufuata urefu wa kona na ukilazimisha upande mwingine yanavunjika. Kona ya wima na nyuzi za wima, hamna shida, hasa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita moja na kuendelea. Kona kali kidogo pulizia maji usoni, pitisha pasi, ikiwa bado moto ikunje polepole. Kona ya juu ya kulala na nyuzi za wima usijaribu, kata ubandike vipande viwili.

Ziada naikataje bila kuchana?

Rauta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) yenye biti ya beringi, ile inayojiongoza kwa kufuata ubao, ndo rahisi kuliko vyote. Kama huna, geuza boksi vinia iwe chini juu ya bodi ngumu, pitisha kisu chenye wembe mpya mara nyingi kwa wepesi, usitake kukata kwa mkupuo mmoja. Sehemu unayokatiza nyuzi ndo inayochana, bandika maskin tepu kwanza na kata kutoka pembeni kuja katikati.

Acha kama nusu milimita, imalizie kwa msasa 150 kwenye kipande cha mbao, ukiwa umeuinamisha na unasukuma kuelekea ndani ya boksi tu. Ukivuta kuja nje unanyanyua ukingo. Angalia rangi pale ukingoni, ukiona mstari wa gundi umetokea simama, umefika.

Matobo ya wufa nikate kabla au baada?

Bandika juu ya tobo kabisa, halafu toboa katikati, kata kwa kisu ukizunguka au pitisha rauta, ukingo unatoka safi na fremu ya wufa inafunika kilichobaki. Pale kwenye tobo hakikisha ukingo wake umeshika vizuri kabla ya kukata.

## Kumalizia

Msasa namba ngapi?

150, halafu 180, halafu 220, kwa mkono na kufuata nyuzi. Mashine iache. Una nusu milimita tu na ukiitoboa ukaona karatasi au MDF chini yake hamna kurudi, rangi ya kufunika huwa inaonekana siku zote.

Vanishi au mafuta?

Kwa sebule, sandingi sila (rangi angavu ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi) mara mbili, msasa 320 mwepesi, halafu vanishi isiyong'aa sana. Inavumilia vidole na vumbi. Pwani kuna jambo la kuangalia, vanishi zile za thina ukipuliza siku ya mvua au usiku wenye unyevu inaingia ukungu mweupe, subiri mchana mkavu.

Mafuta ya kitani yanatoa mwonekano ambao mimi naupenda sana kwenye mninga, michirizi inafunguka, ila jua kwamba vinia tupu iliyobandikwa kwa gundi ya njano, mafuta na thina nyingi zinaweza kupenya zikailainisha gundi ukapata malengelenge. Kama umetumia ya njano chini ya vinia tupu, paka tabaka nyembamba nyembamba na jaribu kwanza kwenye kipande. Na vitambaa ulivyopakia mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinajipasha joto vyenyewe mpaka vinawaka moto, vitandaze nje vikauke au vilowekwe maji.

## Matatizo na hali za pekee

Kuna sehemu imevimba, nafanyaje?

Kwanza zitafute zote, pitisha ukucha ukigongagonga uso mzima, pasiposhika panatoa mlio mkavu wa utupu. Kama ulitumia gundi nyeupe rudisha pasi na kipande cha mbao. Kama ni ya njano au pasi imeshindwa, chana kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi nyeupe kwa bomba la sindano, kandamiza, futa iliyotoka, weka nailoni na uzito mpaka kesho. Ukichana kufuata nyuzi kovu halionekani.

Vinia yangu ni nyembamba kuliko ubavu wa boksi, naunganisha vipi?

Pandanisha vipande viwili sentimita mbili hivi, weka rula ya chuma katikati, kata vyote kwa pamoja kwa wembe mmoja, toa vipande vya ziada, zitakutana sawasawa hata kama mkono uliyumba. Bandika maskin tepu upande wa juu ndo upake gundi nyuma. Kwa njia ya pasi jointi iache mwisho, maana vinia inanywea na pengo linafunguka.

Nina spika za zamani za mzee, boksi ni chipubodi na plastiki inabanduka. Zinafaa?

Zinafaa na mara nyingi zinastahili. Pasha plastiki kwa draya ya nywele uivute polepole, gundi iliyobaki itoe kwa thina. Angalia kona za chini, chipubodi ikilowa inavimba kama andazi na vumbi lake halishiki kitu, kwangua mpaka ufike pagumu, jaza puti ya gari, sawazisha kama nilivyoeleza kwenye kuandaa boksi. Kama vinia ya zamani ni ya mbao na imeshika vizuri, usiitoe, piga msasa ubandike juu yake.

Spika za kukodisha kwenye maharusi nazo nibandike?

Usibandike. Boksi linalopakiwa kwenye kirikuu kila Jumamosi vinia itang'oka kona zote ndani ya msimu. Hizo plaiwudi, rangi ngumu na kona za chuma.